KUCHAGUA MKAKATI WA KUJARIBU PROGRAMU YA KOMPYUTA: KAMATI NAZO ZINA SAUTI

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na Idara ya Mipango na Maendeleo katika semina ya kamati za parokia na wawakilishi wa wafadhili. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Mada tuliyopangiwa ni namna ya kuchagua mkakati wa majaribio kwa ajili ya ubora wa programu za kompyuta. Tunajua baadhi yenu mlipoiona kwenye ratiba mlisema hiyo ni kazi ya mafundi, sisi inatuhusu nini? Tunaomba mtuvumilie. Mwishoni mwa maelezo haya kamati zitatakiwa kuamua mambo matatu, na hakuna fundi anayeweza kuyaamua kwa niaba yenu.

Kama mnavyofahamu, vikundi vya kuweka na kukopa vilivyo chini ya parokia zetu hutunza kumbukumbu zao kwenye daftari. Mradi tulio nao unakusudia kuhamishia kwenye programu ya kompyuta kumbukumbu zote za hisa, akiba, mikopo, riba na marejesho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa tunabadilisha daftari lenyewe, na daftari jipya hatuwezi kulifunua kurasa kwa macho yetu.

Kuna parokia zinazotaka programu ianze mara moja kwa vikundi vyote, kwa sababu wanachama wamesubiri muda mrefu. Kwa upande wa wafadhili, tumeulizwa kwa nini bajeti ina kifungu cha majaribio kinachojitegemea wakati mtengenezaji ameshalipwa kutengeneza programu nzuri. Maswali yote mawili ni ya haki, na tutajitahidi kuyajibu.

Majaribio yanaweza nini?

Mtaalamu wa kompyuta wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alieleza mwaka 1969 kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kuwa kasoro ipo, lakini hayawezi kuthibitisha kuwa kasoro haipo. Tuangalie sababu yake kwa hesabu ndogo. Chukulieni fomu ya mkopo yenye nafasi 10 za kujaza, na kila nafasi inaweza kujazwa kwa namna 5 tu. Michanganyiko inayowezekana ni 9,765,625. Kama mtu angejaribu mmoja kila dakika, usiku na mchana bila kulala, angemaliza baada ya miaka zaidi ya 18. Na hiyo ni fomu moja.

Kwa hiyo hakuna anayejaribu kila kitu. Kila anayejaribu programu anachagua nini ajaribu sana, nini ajaribu kidogo, na nini akiache. Uchaguzi huo ukifanywa kwa kufikiri, na ukaandikwa, tunauita mkakati. Usipofanywa kwa kufikiri, unafanyika wenyewe: yanajaribiwa yale yaliyo rahisi, na magumu yanabaki kugunduliwa na mwanachama siku ya kugawana hisa.

Yaliyowapata wengine

Tumechagua mifano mitatu inayojulikana duniani, kwa sababu kila mmoja unatufundisha jambo tofauti.

Mfano wa kwanza ni wa hospitali. Kampuni ya serikali ya Kanada, AECL, ilitengeneza mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme vya kuzuia mionzi kupita kiasi. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi ikaachiwa programu, ambayo sehemu zake zilitoka kwenye mashine za zamani. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita walipata kiasi kikubwa mno cha mionzi, na baadhi yao walifariki. Kasoro mojawapo ilijitokeza pale tu mhudumu aliporekebisha maelezo haraka sana kwenye skrini, ndani ya sekunde 8. Mtu anayejifunza hawezi kuandika kwa kasi hiyo. Kasoro ilijificha hadi wahudumu walipozoea kazi. Funzo kwetu: tusijaribu programu kwa mkono wa mgeni anayekwenda pole pole peke yake. Tumlete pia mweka hazina mzoefu, mwenye foleni ya watu 40 mbele yake, anayekosea, anayefuta na kuandika upya.

Mfano wa pili ni wa roketi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sekunde 40 hivi baadaye ililipuka. Tume iliyochunguza ilikuta kuwa sehemu ya programu ya uongozaji ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri kwa miaka. Ariane 5 ilikuwa na mwendo tofauti, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, na programu ikasimama. Mfumo huo haukuwa umejaribiwa kwa takwimu za safari halisi ya Ariane 5. Funzo: programu iliyofanya vizuri kwa jirani bado haijajaribiwa kwetu.

Mfano wa tatu ndio unaotugusa zaidi, kwa sababu unahusu watu wanaofanana na waweka hazina wetu. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilisambaza kwenye matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi yaliendeshwa na watu wa kawaida wenye maduka madogo. Mfumo ulianza kuonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikuwa zimepotea. Wengi wameeleza kwamba walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mkataba uliwabana wafidie upungufu. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya mwaka 1999 na 2015, wengi wao kwa mashtaka yaliyofunguliwa na Posta yenyewe. Wapo waliofungwa jela, waliofilisika, na waliojiua.

Mmoja wa waliopoteza tawi lake, Alan Bates, aliongoza wenzake kwenda mahakamani. Desemba 2019 Jaji Peter Fraser aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu kwenye hesabu za matawi, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu hizo kutoka mbali na kuzibadilisha. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja. Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za wengine kwa mamia. Ilichukua zaidi ya miaka 20.

Ndugu wajumbe, tafadhali liangalieni jambo hili kwa makini. Kasoro za programu zipo kila mahali, na Horizon haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Kilicholeta maafa ni kwamba waliposikia mashine inasema hivi na mtu anasema vile, waliiamini mashine. Sheria ya mwaka 1999 ya Uingereza ilikuwa imeshaondoa sharti la upande wa mashtaka kuthibitisha kuwa kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Ikawa juu ya mwenye duka kuonyesha kasoro iliyo ndani ya mfumo asioweza kuufungua.

Kupima hatari kwanza

Kwa kuwa fedha na muda ni vichache, mkakati tunaoupendekeza unaanza na hatari. Kila sehemu ya programu tunaiuliza maswali mawili. Je, kuna uwezekano gani wa kukosea? Na ikikosea, nani anaumia na kwa kiasi gani? Kila swali tunalipa alama 1 hadi 3, kisha tunazidisha. Kwa mtazamo wetu hali ni kama ifuatavyo:

(a) Hesabu ya riba na marejesho. Hesabu ina hatua nyingi, na kosa linamfanya mtu asiye na deni awe mdeni. 3 mara 3, alama 9.

(b) Kupokea malipo kwa simu. Mtandao hukatika katikati, mtu hutuma tena, malipo yanaweza kuandikwa mara mbili au yasiandikwe kabisa. Alama 9.

(c) Ruhusa za kuingia na kubadilisha kumbukumbu. Kukosea kuna uwezekano wa wastani, madhara ni makubwa. Alama 6.

(d) Orodha ya wanachama. Majina hufanana, katika kikundi kimoja tunaweza kuwa na akina Maria Joseph watatu. Alama 4.

(e) Muonekano wa ripoti za robo mwaka, yaani rangi, nembo na mpangilio. Alama 1.

Zenye alama 6 hadi 9 zinajaribiwa kwa kina na mtu ambaye hakuzitengeneza. Yenye alama 4 inajaribiwa kwa kiasi. Yenye alama 1 inatazamwa tu. Wafadhili wetu watatuwia radhi, kwani ripoti zenu ndizo zilizopata alama 1. Takwimu zilizo ndani ya ripoti hizo zimo kwenye (a) na (b), na huko ndiko fedha ya majaribio itakakokwenda.

Kamati zisikubali tu alama hizi kwa sababu zimetoka kwetu. Mweka hazina wa kijijini anajua hatari ambazo sisi wa ofisini hatuzijui.

Majaribio ya ngazi nne

Wataalamu hugawa majaribio katika ngazi. Ngazi ya kwanza ni kipande kimoja kimoja, kwa mfano kanuni ya riba peke yake. Ya pili ni vipande vikiunganishwa, kwa mfano malipo ya simu yakiingia kwenye leja. Ya tatu ni mfumo mzima. Ya nne ni watumiaji wenyewe kuupokea au kuukataa. Ngazi mbili za kwanza ni kazi ya mtengenezaji, na mkataba umtake atuonyeshe matokeo yake kwa maandishi. Ya tatu inafaa ifanywe na mtu asiyeitengeneza programu. Ya nne ni ya kwenu.

Kosa likigunduliwa kwenye ngazi ya kwanza linarekebishwa mchana mmoja. Likigunduliwa baada ya vikundi kuanza, kunakuwa na kumbukumbu za kusahihisha, watu wa kuwaeleza, na imani ya kurudisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa mkono au kwa mashine?

Tumeulizwa pia kama kompyuta haiwezi kujijaribu yenyewe ili tuokoe fedha. Inawezekana kwa sehemu. Mtengenezaji anaweza kuandika programu ndogo inayorudia majaribio mamia kwa dakika chache. Kazi hiyo ina gharama mwanzoni, lakini inalipa pale ambapo jaribio lile lile litarudiwa mara nyingi. Kila programu inaporekebishwa, kitu kilichokuwa kizima kinaweza kuharibika, kwa hiyo majaribio ya zamani lazima yarudiwe. Hesabu za riba na marejesho zinafaa sana kwa njia hii.

Lakini mashine haiwezi kutuambia kwamba maandishi ni madogo mno kwa mzee asiye na miwani, au kwamba neno lililotumika kwa marejesho halieleweki kijijini. Hayo yanahitaji mtu akae na mtumiaji na kumwangalia akifanya kazi, bila kumwelekeza. Mapendekezo yetu ni kwamba hesabu zijaribiwe na mashine kila mara, na matumizi yajaribiwe na watu.

Majaribio yatoke kwenye maisha yetu

Hapa ndipo kamati zina utaalamu kuliko fundi yeyote. Tunatoa mifano michache.

Kwanza, mipaka. Kama kiwango cha juu cha mkopo ni shilingi 500,000, jaribuni 499,999, jaribuni 500,000 kamili, na jaribuni 500,001. Kasoro hupenda kukaa mpakani. Jaribuni pia sifuri.

Pili, shilingi ya mwisho. Mtu amekopa 500,000 kwa riba ya asilimia 10 na atalipa kwa miezi mitatu. Deni lote ni 550,000, na kila mwezi ni 183,333 na senti kidogo. Akilipa 183,333 mara tatu, anakuwa amelipa 549,999. Je, programu itamwona amemaliza, au itamwita mdeni wa shilingi moja, imnyime mkopo unaofuata na kumtoza faini? Swali hili halina jibu la kifundi. Ni kamati inayosema sheria ni ipi, kisha fundi anaitekeleza.

Tatu, ukubwa wa shilingi yetu. Aina moja ya namba inayotumika sana kwenye kompyuta haivuki 2,147,483,647. Programu iliyotengenezwa kwa dola huenda isifike huko kamwe. Ikiwa programu inahifadhi fedha kwa senti kwa kutumia namba ya aina hiyo, mwisho wake ni shilingi milioni 21 na laki 4 hivi, na mfuko wa vikundi vya parokia moja unaweza kuvuka hapo. Kumbukeni Ariane.

Nne, saa na tarehe. Katibu akisema malipo yalipokelewa saa 2 asubuhi, kompyuta inaandika 8:00. Akiandika 2:00 mwenyewe, malipo yanaonekana yalifanyika usiku wa manane. Jaribuni pia tarehe 29 Februari, ambayo itatokea tena mwaka 2028.

Tano, umeme. Zimeni mashine katikati ya kuandika malipo. Washeni tena. Angalieni kilichobaki.

Tunaomba jambo moja la tahadhari. Msitumie majina na madeni halisi ya wanachama kwenye majaribio. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, deni la jirani si la kuonyeshwa mafundi na wageni. Tungeni majina.

Daftari na kompyuta kwa pamoja

Baada ya majaribio ya ofisini tunapendekeza programu ianze kwenye vikundi vichache, vya aina tofauti: kimoja cha mjini, kimoja chenye mtandao hafifu, kimoja chenye wanachama wengi wasiosoma. Kwa mizunguko mitatu ya mwisho wa mwezi, vikundi hivyo viandike kotekote, kwenye daftari na kwenye kompyuta. Kila mwezi jumla zilinganishwe mbele ya wanachama. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, sababu itafutwe mpaka ipatikane, na isisemwe haraka kwamba ni daftari lililokosea.

Tunajua hii ni kazi mara mbili kwa waweka hazina, ambao hawalipwi mshahara. Ndiyo maana kifungu cha majaribio kina posho yao na nauli. Ndugu wafadhili, hili ndilo jibu la swali lenu. Mtengenezaji amelipwa kutengeneza. Kifungu hiki kinalipa watu wa kumkagua, kama ambavyo hesabu za mradi hukaguliwa na mkaguzi wa nje hata kama mhasibu wetu ni mwaminifu.

Mambo matatu ya kuamua

Tunaomba kamati zitoke hapa na maamuzi yafuatayo, na yaandikwe kwenye mihutasari.

La kwanza: alama za hatari. Kila kamati ipitie orodha tuliyotoa, iongeze au kupunguza, na kutuma kwetu pamoja na sababu.

La pili: masharti ya kuanza. Tuandike mapema ni hali gani itaruhusu vikundi vyote kuingia. Pendekezo letu ni kwamba pasiwe na kasoro yoyote inayojulikana kwenye sehemu zenye alama 6 hadi 9, na mizunguko mitatu ya daftari na kompyuta iwe imelingana. Masharti yakiandikwa leo, hayatalegezwa siku ambayo wageni wa uzinduzi wameshaalikwa.

La tatu, na kwetu ndilo zito kuliko yote: mweka hazina asituhumiwe kwa ushahidi wa programu peke yake. Upungufu ukionekana, kwanza kumbukumbu za mfumo zikaguliwe na mtu huru, ionekane nani aliingia, lini, na alibadilisha nini. Vikundi vingine viulizwe kama vimeona kitu kama hicho, na majibu yao yatangazwe kwa wote, ili asiwepo wa kuambiwa kwamba ni yeye peke yake. Fedha isifidiwe mpaka ukaguzi huo umalizike. Waweka hazina wetu wengi ni akina mama walioaminiwa na majirani zao. Heshima ya mtu ikishavunjwa kijijini, hakuna mahakama ya kuirudisha yote.

Tumesema mwanzoni kwamba majaribio hayawezi kuthibitisha kuwa kasoro haipo. Basi hata tukifanya yote haya, siku moja programu itakosea. Mkakati wa majaribio unapunguza siku hizo. Uamuzi wa tatu ndio utakaosema, siku hiyo ikifika, nani ataulizwa kwanza: mtu au mashine. Sisi tunapendekeza iulizwe mashine.